Shangazi, mwanangu wa miaka 7 analia akikiona kitabu cha gramma, ninunue kipi?

Shangazi shikamoo. Naomba unisaidie mwanao, kichwa kimejaa mpaka sijui nianzie wapi.

Mimi ni Mtanzania, mama wa watoto wawili, naishi Houston Texas huu mwaka wa sita. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu, mimi nahudumia wazee, shifti ya usiku siku tatu kwa wiki. Mwezi wa kwanza tulimtoa kijana wetu mkubwa shule, ana miaka saba, alikuwa darasa la kwanza. Sababu ni nyingi ila kubwa ni kwamba alikuwa anarudi nyumbani haongei, yani mtoto mchangamfu vile akawa anakaa tu kwenye kochi na begi lake mgongoni, tukakaa na baba yake tukaamua nimsomeshe mwenyewe nyumbani.

Hesabu tunaenda vizuri. Kusoma anasoma, taratibu lakini anasoma. Tatizo ni gramma na kuandika. Nilinunua kitabu kimoja kinene cha mazoezi, kina kurasa kama mia tatu, kila ukurasa una sentensi kumi, piga mstari chini ya nomino, zungushia kitenzi. Mwanzo alikuwa anapata zote nikafurahi. Alafu siku moja nikamwambia haya funga kitabu, niandikie sentensi zako tatu kuhusu kitu unachokipenda. Shangazi, alikaa nusu saa. Nusu saa nzima anachonga penseli, anafuta, anaangalia dirishani, mwisho kaandika "I like dog". Basi. Nikamwambia ongeza, akaanza kulia, na tangu siku hiyo akikiona tu kile kitabu machozi yanamlenga.

Kinachoniumiza ni kwamba huyu mtoto mdomo anao. Siku nisipokuwa kazini namsikia usiku anamsimulia mdogo wake hadithi ya sungura na fisi, anaweka na sauti ya fisi kabisa, robo saa nzima maneno hayaishi, kiswahili na kingereza humohumo. Sasa maneno yote yale yanaenda wapi akishika penseli?

Nataka kubadilisha mtaala ila nimechanganyikiwa. Kuna vitatu navifikiria. Kimoja kinaitwa First Language Lessons, wanasema mzazi anaandikiwa mpaka maneno ya kusema. Cha pili ni cha kuimba, sheria za gramma zimewekwa kwenye vinyimbo. Cha tatu ni boksi zima la mwaka, gramma, spelingi, mwandiko, insha, kila kitu humo, zaidi ya dola mia nne. Wifi yangu yuko Dallas anasema nunua boksi usicheze na elimu ya mtoto. Mume anasema tumrudishe tu shule. Na kuna mama mmoja kanisani kaniambia Texas gramma ni lazima kisheria, wakija kukagua wakakuta hujafundisha utapata matatizo, tangu hapo silali. Huyohuyo kasema niache kuongea nae kiswahili mana ndo kinamharibia kingereza.

Kingereza changu ni cha form four, naogopa kumfundisha makosa. Nifanyeje shangazi?

Mama wa wawili, Houston

* * *

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na mara zote nimesimama palepale, kwenye ile sentensi ya mbwa. Tutafika hapo, ila kwanza nikutoe hiyo hofu ya sheria ili leo ulale.

Huyo mama wa kanisani kakupa nusu ya habari. Ni kweli Texas gramma imetajwa, masomo yanayotakiwa ni matano, kusoma, spelingi, gramma, hesabu na uraia mwema. Lakini Texas shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi, kesi yake ilifika mpaka mahakama ya juu ya jimbo ikaamuliwa 1994, na kinachotakiwa ni ufundishe kweli na uwe na mtaala unaoonekana kwa macho, kitabu, daftari, hata ukiwa wa kwenye kompyuta. Hakuna mtihani wa jimbo anaosubiriwa mwanao, hakuna ofisi ya kuidhinisha kitabu ulichochagua, wala mkaguzi wa kuja kuhesabu kurasa. Andika tarehe juu ya kila ukurasa wa daftari lake, yakijaa yaweke kwenye boksi chini ya kitanda, inatosha. (Mlioko New York hii msiichukue, kule mnapeleka mpango wa mwaka na ripoti kila robo, na mlioko Ujerumani msijaribu kabisa, kule sheria inataka mtoto aende shule.)

Sasa mbwa. Hebu isome ile sentensi kwa kiswahili, napenda mbwa. Si umeona? Sisi hatuna kile ki-"a" wala "the" mbele ya jina. Na mbwa mmoja ni mbwa, mbwa kumi ni mbwa, neno lenyewe halibadiliki, wingi tunausikia kwenye maneno ya jirani yake, mbwa wangu amelala, mbwa wangu wamelala. Kwahiyo mwanao hakukosea kwa sababu hajui nomino ni nini, nomino anaijua, umesema mwenyewe alikuwa anapata zote. Ameandika kingereza juu ya mifupa ya kiswahili. Na zile kurasa mia tatu haziwezi kumsaidia hapo hata akizimaliza, mana kwenye kitabu sentensi imeshatungwa na mtu mwingine, "a" imeshawekwa, "s" imeshawekwa, kazi aliyobakiziwa ni kuchora duara. Ndo mana anapata kumi kwa kumi alafu akiambiwa atunge anakwama, ni kazi mbili tofauti kabisa hizo.

Na utaona mengine ya aina hiyo, atamwita dada "he" na kaka "she", usimgombeze, kwetu wote ni yeye, ubongo wake haukuwahi kulazimika kuchagua. Makosa hayo hayaondoki kwa kuelezwa sheria akiwa na miaka saba. Yanaondoka kwa kusikia sentensi nzuri nyingi, kuzisema, na kuzipitisha kwenye mkono wake mwenyewe.

Kuhusu kuacha kiswahili hapo nakukatalia kabisa. Ile robo saa ya sungura na fisi ndo mali aliyonayo huyo mtoto. Kujua hadithi inaanzaje, nani kaja, kafanya nini, ikaishaje, asahau lipi aseme lipi, hiyo ndo kuandika kwenyewe, bado tu haijashuka kwenye karatasi, na ameijenga kwa kiswahili. Ukimfunga mdomo huko hautapata kingereza badala yake, utapata yule mtoto wa kwenye kochi na begi mgongoni.

Umeniuliza maneno yanaenda wapi akishika penseli. Fikiria unachomdai. Atafute cha kusema, akipange kwa kingereza, ashikilie hiyo sentensi kichwani isimponyoke, wakati huohuo akumbuke herufi d inaangalia upande gani, "like" inaandikwaje, nafasi kati ya maneno, herufi kubwa mwanzo, nukta mwisho, na vidole vyenyewe vya miaka saba vinachoka mapema. Akifika neno la tatu sentensi imeshamponyoka. Kwahiyo anachagua sentensi fupi kuliko zote anayoweza kufika nayo mwisho. Kwa hesabu zake yuko sahihi.

Dawa yake ni kuzitenganisha hizo kazi. Mdomo ufanye kazi ya mdomo, mkono ufanye ya mkono, visikutanishwe bado.

Nikwambie ya kwangu. Kijana wangu wa pili nilimsomesha nyumbani nae akiwa umri huohuo alikuwa hivyohivyo, ukimwambia andika anakuwa jiwe. Siku moja karudi kutoka nje mikono myeusi, mnyororo wa baiskeli umechomoka, ananieleza vile ulivyoruka kwenye yale meno na yeye alivyourudisha, anaonyesha kwa vidole. Nikavuta bahasha ya bili ya umeme iliyokuwa mezani nikaandika nyuma yake alichosema neno kwa neno, alafu nikamsomea. Akanyamaza. Akasogea akaweka kidole juu ya mstari akaniuliza, hayo ni ya kwangu? Nikamwambia ya kwako, mimi nilikuwa mkono tu. Kesho yake nikamwambia achague sentensi moja pale ainakili kwenye daftari. Maneno nane. Alitumia dakika kumi, kila neno analitazama mara mbili kabla ya kuliandika, ila hakulia, na alipomaliza akaenda mwenyewe kumwonyesha baba yake. Ile bahasha ninayo mpaka leo, ina alama ya kidole cha grisi.

Basi wewe fanya hivi, kwa wiki nane tu. Siku ya kwanza msomee kitu kizuri kwa sauti, ukurasa mmoja au miwili, kingereza, hadithi halisi yenye watu na wanyama sio vile vipande vya kwenye vitabu vya mazoezi. Funga kitabu. Mwambie nisimulie. Usimuulize maswali ya mtego, usimkatize kumrekebisha, akichanganya kiswahili mwache achanganye, wewe unapoandika unamwuliza tu, hapa kwa kingereza tungesemaje? Anajaribu, unamsaidia, unaandika sentensi mbili tatu zake. Siku ya pili ananakili moja, nzuri, iliyokaa sawa. Hapo ndo gramma inapoingia bila kelele, mbona hili lina herufi kubwa? Kwanini hapa tumeweka "a" na pale "the"? Hii s ya mwisho inafanya kazi gani? Swali moja, basi, mnafunga. Siku ya tatu imla. Unakumbuka imla wewe, mwalimu anatembea kati ya madawati anasoma sentensi mara mbili na darasa zima kimya, usiidharau imla, inamfundisha mtoto kuishika sentensi nzima kichwani mpaka mkono umalize. Tofauti ni kwamba huyu wako unampa sentensi ileile aliyoinakili jana, na ukiona anaelekea kukosea neno unamwambia kabla hajaandika, usimsubiri akosee umwekee mkasi mwekundu. Kila siku dakika kumi na tano tu. Ikifika kumi na tano simama hata kama mnafurahi.

Njia hii sikuitunga mimi, kuna mwalimu mmoja Muingereza, Charlotte Mason, alifariki 1923, yeye aliwasomesha watoto kwa kusimulia kwanza kwa mdomo, kusimulia kwa kuandika akakuacha mpaka mtoto afike kama miaka tisa au kumi. Na kama mtu atakwambia hiyo ni ya kizamani, Uingereza hukohuko watafiti wa University College London walitoa matokeo 2022 ya watoto wa miaka sita na saba, umri wa mwanao kabisa, waliofundishwa gramma kwa mpango maalumu darasani, na uandishi wao wa hadithi haukuwazidi wenzao wasiopewa ule mpango. Sisemi gramma haina maana, mimi naipenda gramma na atakapofika miaka kumi muingie nayo kwa nguvu. Nasema usitegemee gramma ifanye kazi ya kuandika.

Ya kitabu sasa. Kati ya hivyo vitatu, kwa hali yako, chukua First Language Lessons, ngazi ya kwanza. Sababu kubwa ni kazi yako na wasiwasi wako wa kingereza. Kitabu kinakuandikia useme nini na mtoto ajibu nini, umetoka shifti ya usiku macho mazito unafungua unasoma ilivyo. Masomo yako 100, mafupi, mengi ni ya mdomo, mashairi ya kukariri, picha ya kuitazama na kuielezea, ukifanya matatu kwa wiki kitakutosha miezi minane hivi. Wengine wanakilalamikia kwamba kinarudiarudia sana, na ni kweli, kuna siku mtoto atasema tayari najua, ruka hilo somo msonge mbele, si dhambi. Na kwa upande wa sheria ndo gramma yako hiyo, iko kwenye kitabu, inaonekana.

Cha kuimba si kibaya, vinyimbo vinashika kichwani, lakini nimeona watoto wanaimba orodha nzima ya viunganishi na hawawezi kuonyesha kimoja kwenye sentensi. Kiache kwanza.

Boksi usinunue. Najua wifi yako anakutakia mema. Ila ndani ya hilo boksi kuna insha, kuna aya ya sentensi tano kila ijumaa, na mtoto wako leo ana sentensi moja yenye machozi. Ukishatoa dola mia nne utajiona lazima uimalize, utamsukuma ili hela isipotee, ndivyo inavyokuwa kila mara, nimewaona mama wengi. Kabla ya kununua chochote ingia kwenye tovuti ya mchapishaji, wengi wanaweka kurasa za mwanzo bure, chapa masomo mawili matatu ukayajaribu nae mezani wiki moja, utajua zaidi kuliko kusoma maoni ya watu mia. Na vitabu vya kumsomea usinunue kabisa, chukua kadi ya maktaba, Houston maktaba ni bure na unaondoka na mfuko mzima.

Kile kinene kitoe machoni pake, weka juu ya kabati. Akifika miaka tisa mnaweza kukifungua tena kwa dakika tano za kuchangamsha akili, hapo hakitamtisha.

Kuhusu kingereza chako cha form four, mwanangu, mtoto wa miaka saba anahitaji sentensi sahihi, na sentensi sahihi ziko kwenye kitabu unachomsomea na kwenye maelekezo utakayosoma. Lafudhi yako haimdhuru. Ukikuta neno hujui linavyotamkwa mwambie mama hajui tutafute wote, msikilize kwenye simu, atajifunza kwamba mtu mzima nae anatafuta. Na hiyo jitihada ya kusoma kwa sauti kila siku itakupandisha na wewe, mimi ilinipandisha.

Mume wako usimwache nje. Mtu yuko barabarani siku tano haoni kinachofanyika, anasikia tu mtoto kalia, lazima aseme arudi shule. Kila siku ya kwanza mtoto akishakusimulia wewe, jioni ampigie baba yake amsimulie tena hadithi ileile, kwa kiswahili. Mara ya pili huwa inatoka nzuri zaidi, imepangika, na baba anasikia kwa masikio yake. Na kama bibi yupo nyumbani Tanzania, mara moja kwa wiki anakili sentensi moja ya kiswahili, piga picha mtumie kwa WhatsApp. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika, ba be bi bo bu, atakishika upesi kuliko unavyodhani na itampa moyo kwamba kumbe mkono wake unaweza.

Jambo moja la kuangalia. Kugeuza b na d kwa miaka saba ni kawaida, usishtuke. Lakini mpime macho sasa, usingoje. Na akipita miaka nane bado anazigeuza, au kusoma kumegoma hapohapo kulipo leo, andika barua kwa wilaya ya shule ya eneo lenu uombe wampime. Sheria ya taifa inawataka wawatafute na kuwapima bure watoto wenye shida ya kujifunza hata wasiosoma kwenye shule zao, na kuomba kupimwa hakumaanishi umemrudisha shule. Weka nakala ya barua.

Anza jumatatu, ila usianze na kitabu chochote. Usiku wa jumapili akianza kumsimulia mdogo wake ya sungura na fisi kaa mlangoni na karatasi, andika, hata ukipata sentensi nne tu. Asubuhi msomee aliyosema mwenyewe. Alafu niandikie uniambie ni ipi aliyochagua kunakili.